Makopo Matano ya Chumvi

Jumamosi asubuhi nikilowesha makayabu, huwa nafunika beseni kwa sinia kisha natoka jikoni. Wanangu wanafikiri ni harufu inayonikimbiza, na nimewaacha wafikiri hivyo. Harufu yenyewe, ukweli usemwe, inatosha kumkimbiza mtu: yule samaki wa bahari aliyepasuliwa, akafukiwa kwenye chumvi na kukaushwa mpaka akawa mgumu kama ubao, akiguswa na maji tu mtaa mzima unajua leo mnakula nini. Lakini mimi sikimbii harufu. Nakimbia yale maji. Nikiyaonja kwa kidole ili nijue chumvi imetoka kiasi gani, namwona Papa amechutama kando ya pipa, kidole chake mdomoni, na najiona mwenyewe nimesimama nyuma yake na soksi zangu nyeupe, nina miaka tisa na nimenyamaza.

Papa alikuwa shofa wa lori kwenye barabara ya Rutshuru, ila moyoni alikuwa mfugaji wa samaki. Kwao, upande wa Butembo, baba yake alikuwa na mabwawa matatu bondeni, na hakuna kitu alichokisimulia kwa utamu kama siku ya kufungua bwawa, watoto wote tope magotini, tilapia wakiwatoroka mikononi. Goma huwezi kuchimba bwawa. Ukipiga jembe kwenye parseli, kiwanja chetu, lilikurudia mkononi, maana chini kote ni mawe meusi ya volkano. Basi Papa akajenga juu ya mawe: tangi la matofali na saruji, kimo cha kifua changu, nyuma ya jiko. Majirani walimwuliza kwa heshima zote kama anajijengea kaburi mapema.

Samaki wa kuanzia tulikwenda kuwachukua Kalengera, mimi na yeye, siku isiyo ya shule. Walikuwa vifaranga wembamba kama sindano za kushonea magunia. Tuliwatia kwenye bidoni, dumu la njano lililokatwa juu, nikalibana katikati ya miguu yangu kwenye kabini. Yule muzee aliyetuuzia alimpa Papa chumvi kidogo kwenye karatasi, akamweleza kwamba samaki akisafiri huchoka, na chumvi kidogo humsaidia kuvumilia. Barabara ilikuwa ile ya mashimo mnayoijua. Tulipofika Munigi nilichungulia nikaona wengine wamelala ubavu. Nikaanza kulia. Papa akasimamisha lori, akatia chumvi yote iliyobaki, akachukua kikombe na kuanza kuchota maji na kuyamwaga tena mle mle kutoka juu, kuchota na kumwaga, mkono mpaka ukachoka. Kabla hatujaondoka walikuwa wamesimama tena, wote, wakipumua. Leo najua kwamba kilichowaokoa zaidi ni hewa iliyoingia na kile kikombe. Lakini mtoto huona anachotaka kuona. Mimi niliona chumvi.

Kuna jambo lingine nililoliona vibaya. Mama alikuwa na kibanda mbele ya parseli, akiuza vitu vya jikoni: mafuta, nyanya, chumvi ya kupimwa kwa kopo la maziwa, na makayabu waliopangwa juu ya gunia. Makayabu walikuwa wakubwa. Mmoja akisimamishwa kwa mkia alinifika tumboni. Nilipomwuliza Mama wanatoka ziwa gani, alisema si ziwani, wanatoka baharini, na maji ya bahari yana chumvi. Hakuongeza neno, alikuwa na mteja. Basi nikajimalizia mwenyewe. Nikaamini kwamba makayabu ana chumvi mwilini kwa sababu amekunywa chumvi maisha yake yote, na kwamba ndiyo iliyomfanya awe mkubwa. Ushahidi mwingine nilikuwa nao kila jioni kwenye sahani: sambaza wa ziwa letu, ambalo halina chumvi, na angalia walivyo wadogo, unakula kumi kwa tonge moja. Hesabu yangu ilikubali kila upande. Sijui kama niliwahi tena kuwa na hakika ya jambo namna ile.

Na nilihitaji kuwa na hakika, kwa sababu samaki wa Papa walikataa kukua. Alikuwa ameahidi, mbele ya wajomba zangu wote, kwamba siku ya komunio yangu ya kwanza wageni watakula tilapia wa tangi letu, mmoja anatosha watu watatu. Wajomba, ndugu za Mama, ni watu ambao utani kwao ni chakula cha pili. Walikuja kila Jumapili kukagua. Walichungulia, wakaona samaki wa ukubwa wa kiganja changu, mwezi huu kiganja, mwezi ujao kiganja, wakampongeza Papa kwa kugundua aina mpya: sambaza wa saruji. Papa alicheka nao. Walipoondoka aliinama juu ya tangi muda mrefu, na mimi nilimwonea huruma. Mtu mkubwa kuaibika kwa sababu ya samaki, tena samaki wa sherehe yangu.

Wiki ile ya komunio, Ijumaa, Papa aliamua kuosha tangi. Aliwahamishia samaki wote kwenye pipa lililokatwa nusu, akalijaza maji safi aliyoleta asubuhi Mama Nsimire.

Mama Nsimire ndiye aliyetuletea maji. Bomba la avenyu yetu lilikohoa tu, kwa hiyo kila asubuhi yeye alipanda kutoka Kituku na maji ya ziwa, bidoni mbili mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, shingo imekaza. Alikuwa mjane kutoka upande wa Idjwi, na nyumba nane za avenyu yetu ndizo zilizomlishia watoto wake wanne. Alikuwa na desturi ya kufika, kutua mzigo, na kabla hajapumua kuniuliza kama nimekula. Hakuwa na cha kunipa nikisema hapana. Aliuliza tu.

Papa alipomaliza kusugua tangi aliitwa kazini, lori limekwama mahali. Mama alikuwa mbele kwenye kibanda akipimia watu mafuta. Nikabaki mimi na pipa, na samaki waliosongamana ndani yake, na nikawa na siku mbili tu za kuwakuza. Nilikwenda kwenye gunia la chumvi ndani, nikachota kopo la kwanza. Nilipofikisha matano nilihisi nimekuwa mkarimu. Nilikoroga na mwiko wa bugali.

Mara ya kwanza hakikutokea kitu. Kisha wakaanza kukimbia. Walizunguka pipa kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwao, wakagongana, mmoja akaruka nje nikamrudisha kwa mikono miwili, nikimwambia atulie, yote yanakuja. Niliona ni nguvu inawaingia. Nilifurahi. Hilo ndilo linalonisumbua zaidi nikilikumbuka: sikusimama pale kwa wasiwasi, nilisimama nikitabasamu. Halafu nikavaa soksi zangu nyeupe, kwa sababu katekista alitaka tufanye mazoezi na mavazi kamili, nikaenda kanisani.

Miaka mingi baadaye, sekondari, mwalimu wetu wa biolojia alikata kiazi, akatumbukiza vipande kwenye maji ya chumvi, na tulipokuja kesho yake vilikuwa vimelegea kama midomo ya kizee. Akatueleza kwamba maji hayakai palipo na chumvi kidogo. Yanakwenda palipo na chumvi zaidi. Samaki wa ziwani, alisema, ana chumvi nyingi mwilini kuliko ziwa lilivyo nayo nje, yaani amelizidi ziwa, kwa hiyo maji humwingia mchana na usiku bila hodi, naye kazi yake ni kukojoa tu na kuikamata chumvi yake isimtoroke. Hana haja ya kunywa. Samaki wa bahari ni kinyume: bahari humnyonya maji, basi hunywa na kunywa, na chumvi anayoinywa anaitoa kwa matamvua yake maisha yake yote. Nyama yake haina chumvi ya bahari. Ile ya makayabu hutiwa na watu, akiwa amekwisha kufa. Mmoja wetu akauliza, na ukimtia samaki wa ziwani baharini ghafla? Mwalimu akasema atakauka. Atakufa kwa kiu, maji yamemzunguka. Darasa lilicheka. Mimi niliomba ruhusa ya kutoka, nikakaa chooni mpaka kengele.

Niliporudi kutoka mazoezini Ijumaa ile, samaki walikuwa wanaelea. Wote. Papa alikuwa amerejea kabla yangu, amechutama. Mama amesimama mlangoni mwa jiko na mkono mdomoni. Papa hakuwa amenisikia nikiingia. Alichovya kidole kwenye maji, akakitia mdomoni. Kisha akapangusa kidole kwenye suruali, akageuka, akaniona. Aliniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani. Nilikuwa nimeshika mshumaa wa komunio.

Alichukua samaki mmoja, jike, akamfungua kinywa kwa dole gumba. Vikatoka vijisamaki, vidogo kuliko mbegu za nyanya, vikaanguka kiganjani mwake, navyo vimekufa.

"Unaona, mama?" aliniambia. Aliniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Zilikuwa na batoto mu kinywa. Juu ya hiyo hazikukula, hazikukomea."

Ndiyo maana hawakukua. Tilapia akisongamana mahali padogo huona heri azae mapema kuliko kukomaa, na jike akibeba mayai kinywani hali kitu mpaka wanawe waweze kuogelea. Hawakuwa na ugonjwa, wala Papa hakuwa ameshindwa. Walikuwa wanalea. Alinieleza hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, na mimi nikangoja aniulize. Kama angeniuliza ningesema. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na siku nyingine naamini.

Hakuniuliza. Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya juu, ni kitu gani kimeua samaki, na majirani wakawa wamekwisha kuingia, maana kwetu ukuta wa mbao hauzuii habari. Mmoja akasema ni maji. Mwingine akasema bidoni za Mama Nsimire aliziona juzi karibu na watu wa mazutu, mafuta ya malori. Wakamgeukia Papa. Papa akatazama chini akasema, "Pengine ni maji."

Neno moja, pengine. Likatosha.

Walimwita Mama Nsimire. Alikuja na bidoni zake mgongoni, zimejaa, maana alikuwa njiani kwenda nyumba nyingine. Alisikiliza mashtaka yote amesimama, kamba bado iko kwenye paji la uso. Kisha akatua mzigo, akafungua bidoni moja, akaomba kikombe. Hakuna aliyempa. Akainua bidoni lenyewe kwa mikono miwili, akanywa, maji yakimwagika kifuani.

"Hii maji, batoto yangu banaikunywa," alisema. "Kama iko na sumu, mungoje hapa, mutaona vile nitakufa."

Watu waliangalia pembeni. Ukimya ule ulikuwa wangu kuuvunja. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake, nina mshumaa mkononi, na nilichofanya ni kuhesabu vifungo vya gauni lake, vitano, kimoja si cha rangi yake. Mama yangu akamwambia asijisumbue kuja tena kesho. Nyumba nyingine zikafuata mfano kabla ya jua kuzama, kwa sababu nani anataka kunywa maji yaliyoua samaki? Alijitwika bidoni zake, akaondoka. Alipopita karibu nami aliuliza kama nimekula.

Kesho yake ilikuwa kitubio cha kwanza. Katekista wetu, aliyependa kutukumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, alikuwa ametufundisha kuhesabu dhambi kwa vidole ili tusisahau. Nilimwambia padri nimeiba sukari, nimemtukana kaka yangu, nimelala kwenye misa. Kidole cha nne nilikikunja. Alinipa Salamu Maria tatu, na nikashangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Jumapili nikapokea na wenzangu, na mchana wageni wakala makayabu wa kibandani kwa Mama, kwa kuwa ndio samaki pekee waliokuwapo. Wajomba kwa mara ya kwanza hawakutania. Nilimeza nyama ile, tamu, laini, na kila tonge nilijua lilivyofika kwenye sahani yangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikwenda zaidi ya miaka ishirini. Mama Nsimire nilimwona mara kwa mara: akibeba magunia ya mkaa, kisha mawe ya ujenzi, kisha amekaa chini Kituku akitengeneza sambaza za watu wengine. Kila nikimwona mbele nilivuka barabara. Nilijipa kila sababu. Nilikuwa mtoto. Halafu nilikuwa mwanafunzi. Halafu nilikuwa na watoto wangu mwenyewe, na mtu mwenye watoto ana haraka daima.

Papa alipofariki, mwaka juzi, matanga yalikuwa pale pale kwenye parseli. Tangi bado lipo. Alilifanya la maji ya mvua, samaki hakufuga tena. Siku ya pili, wanawake wakileta kuni na maji kama desturi yetu kwa wafiwa, nilimwona akiingia langoni. Mzee, amepinda, bidoni moja tu mgongoni, ile kamba kwenye paji la uso. Alitua maji karibu na jiko. Safari hii hakukuwa na barabara ya kuvuka.

Nilimfuata. Nilisema, "Mama, ile maji ya zamani, ile ya samaki..."

"Ilikuwa chumvi," alisema. "Najua."

Akanieleza kwamba Papa alikwenda kwake wiki moja baada ya komunio. Alimwambia alionja, akajua, na akajua ni mkono wa nani. Hakuweza kunitaja mbele ya watu siku mbili kabla sijapokea, na baadaye aliona haya kuwarudia majirani. Alimwomba arudi kutuletea maji. Mama Nsimire alikataa. Hakutaka kurudi mahali aliponywa kutoka kwenye bidoni kama ng'ombe, watu wakimtazama. Lakini alimsamehe Papa, maana alikuja kwa miguu yake na kusema.

"Na wewe," aliniambia, "nilikuwa nakuona vile unavuka barabara. Nikasema, nitamungoja. Iko siku atachoka kuvuka."

Nikaomba msamaha. Nililia, nikasema yote, makopo matano, mwiko wa bugali, kidole cha nne. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kikombe kwenye ndoo, akafungua bidoni lake, akakijaza, akaninyooshea. Uani palikuwa pamejaa. Wale wanawake wa avenyu walikuwa pale, waliobaki hai, wamekaa kwenye mikeka: yule aliyesema mazutu, na Mama yangu katikati yao, amejifunika kitenge. Nilielewa ananiuliza nini. Maneno yale yale niliyomnong'oneza kando ya jiko, niyaseme pale mbele, mahali alipopotezea kazi yake.

Nilisimama, nikageukia watu, nikashika kikombe. Wakanitazama. Nikafungua mdomo, nikanywa. Nilikunywa mpaka tone la mwisho, na yale maji hayakuwa na kasoro yoyote. Mama Nsimire alingoja kidogo. Kisha akamimina maji yaliyobaki kwenye ndoo, akachukua bidoni lake tupu, akaaga wafiwa mmoja mmoja, akaenda zake. Mmoja wa wale wanawake akasema, jamani mpeni tena, mtoto wa marehemu ana kiu.